Simile: Historia ya Kupishana Njiani

Miongoni mwa maneno yaliyokuwa yakisikika kutwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, na ambayo siku hizi husikika kwa nadra, ni neno simile. Asili yake ni bismillahi. Huenda ulimi wa hamali aliyelemewa, asiye na pumzi ya kulitamka lote, ndio uliolifupisha hata likabaki hivyo. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alilitia katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha hapa, ambacho chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1870, akaeleza kuwa ni mwito wa kuwatahadharisha watu wapishe, na kuwa mara nyingi hufuatwa na jina la kile kinachokuja: simile punda, simile ubau. Mwenye punda hutaja punda. Mwenye ubau mrefu begani hutaja ubau, ili aliye mbele ajue kama ni kujibana ukutani au ni kuinamisha kichwa.

Sisi wapenzi wa lugha tumezoea kuyatazama maneno kama haya kwa jicho la asili yake tu, tukaridhika kujua kuwa limetoka Arabuni au Bara Hindi, tukafunga kitabu. Lakini simile ni zaidi ya msamiati. Ni sheria ya njiani, kongwe kuliko sheria yoyote ya barabarani iliyopigwa chapa katika pwani hii, na ndani yake mna jawabu la swali ambalo miji yetu ya leo inahangaika nalo: njia inapokuwa nyembamba na wapitaji ni wengi, nani ampishe nani?

Jawabu la simile ni kwamba aliye mikono mitupu humpisha mwenye mzigo. Tajiri aliyetoka msikitini na kanzu yake safi, akikutana uchochoroni na hamali mwenye gunia la karafuu, ni yule tajiri ajibanaye. Si kwa sababu hamali ana hadhi kubwa zaidi, bali kwa sababu gunia halipindi, na aliyelibeba akisimama atahitaji nguvu mpya za kuanza tena. Tusiipambe zamani kwa mapambo isiyostahiki. Wengi wa mahamali wa karne ya 19 walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na mwungwana aliyepanda punda mweupe wa Maskati alikuwa na mtu wa kumtangulia na kuwasukuma wengine pembeni. Cheo kilikuwa na nguvu zake. Walakini wembamba wa njia uliwalazimisha wote, wenye cheo na wasio nacho, kupatana kwa sauti na kwa macho, kila siku, mara mia kwa siku. Na walikuwapo wawili waliopishwa na kila mtu bila ya kuomba, nao ni maiti katika jeneza lake na bwana harusi katika msafara wake.

Chombo cha kwanza kilichoivuruga kanuni hii mjini Unguja ni garimoshi. Seyyid Barghash alitandika reli ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1870, kutoka kasri yake ya mjini hadi Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu mwanzoni, kisha ikaagizwa injini ndogo kutoka Uingereza. Ile ilikuwa anasa ya mfalme, na haikudumu baada ya kufa kwake mwaka 1888. Ya pili ndiyo iliyowagusa watu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905, ikatoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Picha zilizobaki zinaionyesha injini ikipenya baina ya kuta za nyumba kama mtu mnene anayejipitisha katika mlango wa uani. Garimoshi hilo lilikuwa na mzigo, tena mzigo wa watu, na kwa kanuni ya kale lilistahiki kupishwa. Lakini lenyewe halikuwa na uwezo wa kumpisha yeyote. Mwenye punda akimwona mama na mtoto wamekwama mbele yake, huvuta kamba, punda akaenda upande. Reli haina upande. Tangu hapo kupishana, ambako ni tendo la watu wawili, kukaanza kuwa kupisha, tendo la mmoja.

Reli ya Bububu nayo haikuishi sana. Katika miaka ya 1920 barabara ilitengenezwa, mabasi ya injini yakashindana nayo, abiria wakahama. Kwa miaka mingi baadaye daladala za nambari 502 zilikuwa zikienda Bububu, zikiwapeleka watu kule kule walikopelekwa babu zao na moshi. (Wapo wanaosema jina la Bububu lilitokana na mlio wa garimoshi. Ni hadithi tamu, ila jina ni kongwe kuliko reli.)

Ili kuliona swali hili likikua hadi ukubwa wake wote, hatuna budi tuvuke mkondo twende Dar es Salaam, kwani huko ndiko msafiri wa kisiwani anakokutana na barabara isiyojua simile. Miji hii miwili ilijengwa kwa fikra mbili tofauti. Mji Mkongwe zilijengwa nyumba kwanza, na njia ikawa ni nafasi iliyosalia. Dar es Salaam, tangu Wajerumani walipoifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, ilichorwa njia kwanza. Waingereza walipoichukua waliendeleza mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika, na kila mtaa ukapewa barabara kwa kadiri ya vyombo vya wakaazi wake. Oyster Bay ilijengewa njia za magari, kwa sababu wenye magari ndio waliokaa huko. Kariakoo na Ilala walikaa waendao kwa miguu na, wakibahatika, wenye baskeli.

Jina lenyewe la Kariakoo linafaa kusimamiwa kidogo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba shehena za jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao walipiga kambi mahali pale baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Basi soko kubwa kuliko yote katika nchi lina jina la watu wa mizigo, ijapokuwa anayelitaja leo hawakumbuki.

Usafiri wa umma wa Dar es Salaam ulianza kwa kampuni binafsi ya DMT, iliyoundwa mwaka 1949. Baada ya Azimio la Arusha serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na UDA ikabakia na mji. Nia ilikuwa njema na haja ilikuwa kubwa, kwani mji ulikuwa ukikua kwa kufuata barabara zake nne kuu, za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na aliyekaa kwenye ncha ya kidole hakuweza kufika kazini kwa miguu. Lakini mafuta yalipopanda bei duniani baada ya mwaka 1973, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika, mabasi yalikufa moja baada ya jingine. Serikali ilizuia magari binafsi yasitembee Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Ni jambo la kutafakari kuwa Uholanzi nayo, katika dhiki ile ile ya mwaka 1973, ilikuwa na Jumapili zake zisizo na magari. Kule watu walitoka na baskeli wakaona jinsi mji unavyoweza kuwa. Madai ya njia salama yalikuwa yamekwishaanza kwa uchungu wa watoto waliokuwa wakigongwa, na katika miaka iliyofuata serikali ya huko iliyasikiliza. Kwetu ile ilionekana kuwa ni adha ya kupita tu. Baskeli za Swala zilikuwa zikiunganishwa Dar es Salaam, lakini hakuna aliyezitengea njia.

Mwaka 1983 serikali ilikubali ukweli na kuwaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na kutokana nayo tukapata neno daladala. Sina haja ya kumweleza msomaji yaliyofuata: chai maharage, vipanya, makonda wanaoning'inia mlangoni, wapigadebe, na maandishi ya nyuma ya gari ambayo, nadhani, ndiyo mashairi yaliyosomwa na watu wengi zaidi katika Afrika Mashariki ya zama hizo. Lililojificha nyuma ya shamrashamra hizo ni hesabu. Dereva wa daladala aghalabu hakuwa mwajiriwa wa mshahara. Kila jioni alitakiwa ampelekee mwenye gari kiasi maalumu cha fedha; kilichozidi, baada ya kutoa mafuta, kilikuwa chake na konda wake; kikipungua ni juu yao. Mwanafunzi wa skuli anayelipa nusu nauli alikuwa hasara, ndiyo maana akaachwa kituoni. Mwenye baskeli alikuwa kizuizi. Tulimlaumu dereva kuwa hana adabu, na pengine kweli hana, lakini adabu yenyewe ilikuwa imekwishauzwa asubuhi kabla hajawasha injini.

Hapo ndipo kanuni ya hamali ilipopinduliwa chini juu. Gari dogo lenye mtu mmoja likajitwalia njia nzima. Daladala yenye watu thelathini ikawa inagombania kipande na kupanda ukingo wa barabara. Na mwenye baskeli, ambaye mara nyingi kuliko wote ndiye mwenye mzigo wa kuonekana kwa macho, tenga la samaki kutoka Feri, madafu yaliyofungwa pande zote mbili hata gurudumu halionekani, magunia ya mkaa yanayompita urefu, huyo ndiye aliyeambiwa apishe. Alishushwa mchangani. Honi ilimwambia yale ambayo simile ilikuwa ikimwambia tajiri, ila kwa tofauti moja: simile ni mwito wa anayetaabika kumwomba asiyetaabika, na honi ni amri ya aliyekaa kitini kwa anayetoka jasho.

Jawabu la Dar es Salaam lilitoka mbali, katika miji ya Amerika ya Kusini ambayo ilikuwa na maradhi yale yale. Curitiba, nchini Brazil, ilianza mwaka 1974 kuyatengea mabasi njia zao peke yao. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ilikuwa na mabasi ya watu binafsi yaliyokimbizana kwa ajili ya abiria, na ugomvi huo wenyeji waliuita vita vya senti. Mtu wa Manzese asingehitaji kutafsiriwa. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo wa 1974, vijana wa Bogotá waliandamana kwa baskeli kudai nafasi mjini, na kutokana na vuguvugu hilo ukazaliwa utaratibu, uliodumu hadi leo, wa kufunga barabara kuu Jumapili asubuhi ili watu watembee na kuendesha baskeli. Kisha Enrique Peñalosa, meya tangu 1998 hadi 2000, akafanya mambo mawili kwa pamoja. Alijenga mfumo wa mabasi yaendayo katika njia zake, TransMilenio, uliofunguliwa Disemba 2000. Na alijenga mamia ya kilomita za njia za baskeli, akayaondoa magari yaliyokuwa yakiegeshwa juu ya njia za wapita kwa miguu kwa kusimika nguzo fupi zisizopitika. Wenye magari walimchukia, na zikafanyika juhudi za kumwondoa madarakani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa raia ni sawa, basi lenye watu mia lina haki ya nafasi mara mia ya gari lenye mtu mmoja.

Mimi sioni tofauti baina ya hoja hiyo na simile. Mzigo ndio unaopishwa, na mzigo mkubwa kuliko yote ni watu. Bogotá haikuwa pepo, kwani mabasi yake nayo yalijaa kupita kiasi, na mwaka 2012 abiria waliokasirika walivunja vituo. Hata hivyo kanuni ilikuwa imerudi mahali pake.

Dar es Salaam ilijifunza kutoka huko. Wakala wa mabasi yaendayo haraka uliundwa mwaka 2007, ujenzi ukaanza 2012, na mwezi Mei 2016 mabasi yakaanza kazi katika njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Wananchi hawakulisubiri jina rasmi, wakayaita mwendokasi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji ule, mtumishi wa nyumbani aliyesimama katika basi kwa nauli ya shilingi 650 alimpita bosi wake aliyekwama katika foleni ya Barabara ya Morogoro na kiyoyozi chake. Kisiasa lile lilikuwa jambo zito, hata kama halikutangazwa hivyo. Mwaka 2018 mji ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri, na kwa haki. Shida zikaja baadaye: mabasi machache kuliko watu, na karakana iliyojengwa bondeni Jangwani ikafurikwa na Mto Msimbazi mvua baada ya mvua, kana kwamba waliochora ramani hawakuuliza maana ya neno jangwani wala wakaazi wa bonde lile.

Pembeni ya mabasi hayo, kando ya Barabara ya Morogoro, zilijengwa pia njia za baskeli. Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu sifa za mwendokasi huwa zinalifunika jambo hili. Basi lilipewa njia kwa ukuta wa zege. Baskeli ilipewa njia kwa rangi na kwa nia njema. Rangi haikumzuia mtu. Gari likaegeshwa juu yake, mamalishe akaweka jiko lake, bodaboda, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, zikaifanya njia ya mkato. Simlaumu mamalishe, yeye naye hakutengewa pahala. Ninachokiona ni kwamba palipogawanywa nafasi, mwenye basi alichukuliwa kutoka katika fungu la mwenye gari, lakini mwenye baskeli aliachiwa agawane na mamalishe na mpita kwa miguu, maskini kwa maskini. Na kwa kuwa njia hiyo ilifuata barabara moja tu, aliyetoka Tandale na tenga lake alikuwa salama, ikiwa alikuwa salama, kwa kipande cha kati cha safari yake. Mwanzo na mwisho alirudi mchangani.

Wakati huo huo fedha hazikukosekana kwa mengine. Barabara ya juu ya Mfugale, pale Tazara, ilifunguliwa mwaka 2018. Ya Kijazi, Ubungo, mwaka 2021. Na Daraja la Tanzanite, linalokatiza juu ya bahari kutoka Upanga hadi Oyster Bay, mwaka 2022. Ni kazi nzuri za uhandisi na zimepunguza foleni. Lakini atazame mtu ni nani hasa aliyepunguziwa. Waendesha baskeli wa mji ule waliunda umoja wao, UWABA, wakawa wanapita kwa misafara kudai njia, kama wale vijana wa Bogotá. Madai yao ni madogo kwa gharama. Ugumu wake ni kuwa kila hatua moja anayopewa mwenye baskeli lazima itoke kwa mtu, na mtu huyo huwa ndiye mwenye kauli.

Unguja yetu isijione imesalimika. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimeilinda simile kwa wembamba wao tu, wala si kwa wema wetu; vespa iliyopenya Mkunazini wakati watoto wanatoka chuoni imekwishaonyesha hilo. Na nje ya Mji Mkongwe, kuanzia Darajani kwenda mashamba, barabara zimekuwa zikipanuliwa, na hamali mwenye gari lake la mkono amesukumwa ukingoni sawasawa na mwenzake wa Bara.

Tawi la mwendokasi linaloelekea Gerezani lilipitishwa katika Mtaa wa Msimbazi, katikati ya Kariakoo. Huko ndiko yalikobaki maguta na mikokoteni, wajukuu wa wale wapagazi, wakiwa wamefunga marobota ya vitambaa na ndoo za plastiki hadi mbele hawaoni. Anayesukuma mkokoteni hupiga mbinja, au hupaza sauti tu, neno lolote litakalotoka. Akiliona basi linakuja katika njia yake husimama, hutia jiwe chini ya gurudumu, hulipisha. Basi limejaa, na yeye anajua uzito. Nyuma yake, gari dogo lenye mtu mmoja linampigia honi.